Kipande cha Nne Kisicho na Kitufe

Jumanne saa nne kasorobo asubuhi, mshona viatu aliingia kwenye steshenari ya shemeji yake akiwa na DVD moja ndani ya soksi nyeusi. Shemeji alikuwa anapitisha kitambulisho cha mwalimu kwenye mashine ya laminesheni, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi, alimwonyesha stuli kwa kidevu. Stuli ilikuwa na mguu mfupi. Mshona viatu alikunja karatasi iliyoharibika, akaisukumia chini ya mguu, ndipo akakaa.

"Soksi ya nani hiyo, shemeji?"

"Yangu. Nimeifua."

"Umeifua mwenyewe? Basi ngoja nitafute glavu."

Zamani mshona viatu angecheka. Mkewe, dada mkubwa wa huyu mwenye steshenari, alikuwa dobi kwa miaka kumi na minane katika hospitali iliyo ng'ambo ya barabara, na wenzake walimwita Mama Pasi. Mwaka juzi boila la kuchemshia maji ya kufulia lilipasuka kwenye mshono, likamuunguza, akafa. Ofisi ya hospitali ikampa mumewe barua yenye mihuri miwili. Yeye aliishia darasa la nne, kwa hiyo aliisoma kwa siku mbili, neno moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Barua ilisema ajali ilitokana na uzembe wa marehemu mwenyewe, na kwamba hakuna mfanyakazi aliyewahi kutoa taarifa ya hitilafu yoyote. Alikuwa ameirudisha ofisini mara saba akitaka lile neno uzembe lifutwe. Mara zote saba aliambiwa Mkurugenzi yuko kwenye kikao. Wakubwa wanakalia vikao kama kuku anavyokalia mayai, ila vifaranga hakuna aliyewahi kuviona.

DVD yenyewe ilitengenezwa na ofisi hiyo hiyo, siku ya kuzindua rangi mpya ya jengo la kufulia. Madobi walikuwa wameomba glavu. Walipewa DVD, kila mmoja na nakala yake. Dakika ya sita Mama Pasi alionekana akipita nyuma ya wageni na kikapu cha mashuka, sekunde kumi na moja, kisha akatoka upande wa kulia. Mshona viatu alizitazama sekunde hizo kila jioni mpaka deki yake ikafa.

"Huyu anayepita na kikapu, nitilie kwenye simu," alisema. "Wale wenye tai waache humo humo."

Shemeji alichomeka kisanduku cha kusomea DVD pembeni mwa kompyuta, akafungua programu yake. Ilikuwa programu ya bure, mtu yeyote anaipakua, haidai leseni wala namba ya siri. Kazi yake ilikuwa kuingia ndani ya DVD, kuokota video iliyokatwakatwa mle na kuigeuza faili moja linaloweza kukaa kwenye simu.

"Ya bure kabisa?"

"Kabisa."

"Basi wakubwa hawajaijua. Wangeijua ingekuwa na fomu ya kujaza."

Programu ilisoma DVD kwa dakika mbili, ikatoa orodha. Ukurasa wa mwanzo wa DVD ulikuwa na vitufe vitatu, Hotuba, Kukata Utepe na Burudani. Orodha ya programu ilikuwa na vipande vinne. Kipande cha nne kilikuwa na urefu wa dakika nne, nacho hakikuwa na jina.

Shemeji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Aliyetengeneza hii aliambiwa atoe kitu," alisema. "Akatoa kitufe, akaacha video. Deki inafuata vitufe, haikuweza kukiona. Hii programu haiulizi vitufe, inahesabu kilichomo."

"Yaani wameng'oa mlango, chumba wakakisahau."

"Ndiyo hivyo."

"Fungua hicho."

Alichagua kipande cha nne, akachagua MP4, akabonyeza kuanza. Asilimia zikaanza kupanda. Ilipofika kumi na mbili, kioo cha duka kiliingia ukungu kwa ndani, na humo dukani pakawa na harufu ya sabuni na nguo iliyopigwa pasi sasa hivi. Shemeji alihamisha rimu za karatasi kwenye rafu ya juu ili zisijikunje kwa mvuke. Mwalimu alikuja kuchukua kitambulisho chake, akauliza kama wanapika. Aliambiwa wanabadilisha video. "Ahaa," akasema, akajipepea kwa kitambulisho, akaenda zake.

Kwenye arobaini na moja ikasimama. DVD ilikuwa na mchubuko.

"Hapo watu hutumia dawa ya meno," alisema shemeji.

"Lete. Lakini usiguse wewe. Miaka thelathini nang'arisha vitu vya watu."

Alitoa mfukoni kipande cha ngozi laini, ile anayomalizia viatu vya sherehe. Alitia dawa ya meno kiasi cha punje ya harage, akasugua kutoka katikati kwenda nje, mistari iliyonyooka, bila kuzungusha. Aliipulizia pumzi, akasugua tena, akaiinua kwenye mwanga wa mlango. Waliirudisha. Arobaini na moja ikapita kama haijawahi kuwepo, na saa nne na dakika ishirini kompyuta ikasema tayari.

Mkurugenzi alikuwa mbele ya utepe, mkasi mkononi. Katikati ya madobi alisimama Mama Pasi, mkono mmoja umebeba shuka lililokunjwa, mwingine umenyooshwa juu.

"Mkurugenzi, rangi ni nzuri, tunashukuru," alisema. "Ila boila linavuja kwenye mshono wa chini. Tumesema kwa msimamizi mara tatu. Siku litakapofumuka, atakayekuwa karibu hatasalimika."

Mkurugenzi alitabasamu kwa kamera. "Nimesikia, mama. Boila hili litabadilishwa kabla mwezi huu haujaisha. Naahidi mbele ya wote."

"Ahsante. Basi nasimama hapa hapa mpaka uandike."

Watu walicheka. Kamera ikageukia maua.

Mshona viatu alitoa barua kwenye mfuko wa shati, akaikunjua, akatafuta kwa kidole ule mstari wa hakuna mfanyakazi aliyewahi. Ilimchukua muda. "Kumbe," alisema. Kisha akasema, "Rudisha." Waliitazama mara tatu.

Saa tano na nusu karani wa hospitali alikuja kutoa nakala za muhtasari wa kikao, kwa kuwa mashine ya ofisi ilikuwa mbovu. Shemeji aliweka ukurasa wa kwanza kwenye kioo, jicho likaangukia katikati. Muhtasari ulieleza kwamba saa 4:22, wakati wa ajenda ya mapazia, Mkurugenzi alisimama, akasema boila hili litabadilishwa kabla mwezi huu haujaisha, akaketi. Saa 4:27 alisimama tena. Saa 4:32 alisimama tena. Wajumbe waliendelea na mapazia.

"Dada, haya ndiyo yaliyotokea?"

"Mimi naandika kinachosemwa," alijibu karani. "Nakala kumi na mbili, na uzibane."

Mshona viatu alikuwa ameshatiliwa faili kwenye simu. Alilicheza. Mkewe alipomaliza kueleza habari za mshono, dirisha la ghorofa ya pili ng'ambo ya barabara likatoa sauti ya Mkurugenzi, kubwa, safi, hadi kwenye kituo cha pikipiki. Nimesikia, mama. Karani alitazama saa yake, akaandika dakika hiyo kwa penseli pembeni mwa ukurasa.

Mchana huo madobi walilipata faili. Jumatano lilikuwa kwa wauguzi, Alhamisi kwa madereva wa gari la wagonjwa, na Ijumaa hata wagonjwa wenye mguu uliofungwa plasta walikuwa nalo. Popote lilipochezwa, Mkurugenzi alisimama popote alipo, akaahidi. Aliahidi kwenye kiti cha kinyozi akiwa amenyolewa upande mmoja. Aliahidi ndani ya lifti. Kwenye harusi ya mpwa wake aliahidi kabla bwana harusi hajajibu swali lake, na mshereheshaji akaomba makofi. Kila alipoahidi, madobi walipiga vigelegele kule chini, na wagonjwa wa wodi ya karibu wakazoea kuulizana, "Ameshaahidi?" kama wanavyouliza kama chai imekuja.

Jumatatu walinzi wawili walifika kwa mshona viatu na barua inayosema DVD ni mali ya ofisi.

"Chukueni," alisema, akaipokeza. "Ila soksi mnirudishie."

Walimrudishia.

Siku iliyofuata alikwenda ofisini kwa mara ya nane. Safari hii Mkurugenzi hakuwa kwenye kikao, maana vikao vilikuwa vimekuwa vigumu. Mshona viatu aliweka barua mezani, akaweka simu juu ya barua, akabonyeza. Mkewe alisema. Mkurugenzi alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaahidi, akafungua kifungo, akaketi.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, mzee wangu."

"Sasa barua inasema hakuna aliyewahi kusema."

"Ndivyo inavyosema," alikubali Mkurugenzi. "Na imeshapigwa muhuri. Uchunguzi ukifungwa umefungwa."

"Futa neno moja tu. Uzembe. Nimekuja na raba."

Aliitoa raba, akaiweka mezani. Mkurugenzi aliitazama kwa heshima, akairudisha kwa kidole kimoja.

Mshona viatu alichukua raba, barua na simu. Alipofungua mlango, ngazi zote zilikuwa na madobi, kuanzia ghorofa ya pili hadi chini, huku na huku, kila mmoja na shuka jeupe begani. Walikuwa wamesikia kwa dirisha. Mkubwa wao alimshika mkono.

"Shuka, bwana wa Mama Pasi. Leo ofisi nzima inajua nani alisema na nani alinyamaza."

Vigelegele vilipigwa hadi vyombo vikalia kwenye trei za wodini. Alishuka katikati yao kama bwana harusi, kifua mbele, viatu vikiwaka, na huko juu, kwa kuwa kuna aliyekuwa anacheza faili, Mkurugenzi alimsindikiza kwa ahadi. Getini walinzi walimpigia saluti. Alipofika kwa shemeji yake alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi, mpaka stuli ikatoka kwenye karatasi yake.

Boila halijabadilishwa. Mshono umefungwa waya. Barua iko na mihuri yake yote miwili.

Faili ndilo limebadilika. Mwanzo lilikuwa dakika nne. Baada ya mwezi likawa dakika arobaini, na sasa limefika saa sita, kwa sababu baada ya watu kucheka na kamera kugeukia maua, kamera hurudi, na Mama Pasi yupo pale pale, mkono juu, anangoja. Shemeji amemnunulia mshona viatu kadi kubwa ya kumbukumbu ya simu. Kila asubuhi saa nne na dakika ishirini mshona viatu huegemeza simu kwenye kalibu la kiatu, hubonyeza, husikiliza dirisha la ghorofa ya pili likiahidi, kisha huanza kushona. Siku hizi mkewe ameona asiuchoshe mkono mmoja. Mikono hubadilishana, kulia wiki hii, kushoto wiki ijayo, na ule ulio huru hupanga mashuka.

"Hajaandika bado," mshona viatu humwambia.

"Nipo," hujibu Mama Pasi, na kuchukua shuka jingine.