Viatu vya Mpika Chai

Jirani wa chumba cha pili anadai kwamba Alhamisi moja, jua halijazama, aliviona viatu vya mpika chai vikishuka ngazi vyenyewe. Vya kahawia, vya kufunga kamba, kimoja mbele kingine nyuma, na ndani hamna mguu. Anasema yeye alikuwa amebeba ndoo, kwa hiyo akavipisha, navyo vikapita upande wa ukutani kwa adabu, vikatoka mlangoni, vikakata kulia.

"Nikavisalimia," jirani anasema. "Havikuitikia. Sasa hiyo ndiyo tabia gani?"

Mpika chai alipoulizwa alisema ni kweli, viatu vyake vimeondoka, na visilaumiwe.

Sababu ilikuwa hotuba. Mpika chai alifanya kazi kwenye ukumbi wa chama cha wanawake. Kila Alhamisi alichemsha maji katika sufuria kubwa, akapanga vikombe sitini, kisha akasimama nyuma ya ukumbi na birika mkononi mpaka mkutano uishe. Zamani alikuwa fundi cherehani. Mumewe alipofariki, shemeji yake alikuja akaichukua cherehani, akasema ni mali ya ukoo, ingawa mpika chai mwenyewe aliingia nayo siku ya kuolewa. Mpika chai akafungasha nguo zake akaondoka. Habari hiyo alimweleza Mwenyekiti jikoni, akifuta vikombe, kwa kuwa Mwenyekiti aliuliza.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti ya kumfanya hata mlinzi wa geti azime redio yake.

"Uliondokaje?" aliuliza.

"Asubuhi. Kwa basi. Mke wa shemeji alinibebea mfuko mpaka kituoni."

"Hilo la mfuko tuliache."

"Lakini alinibebea, mama."

"Najua, mwanangu. Nikilisema, ukumbi unapoa." Mwenyekiti akamtazama miguuni. "Na viatu? Ulikuwa navyo?"

"Hivi hivi."

"Watu hawamlilii mtu aliyevaa viatu," Mwenyekiti alisema, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Alasiri ile, jukwaani, alisema yupo mwanamke aliyefukuzwa peku kama kuku wa kufuatwa na fagio. Wajumbe walipiga makofi mpaka vikombe vikalia. Jioni viatu vikashuka ngazi. Mpika chai aliazima kandambili za jirani, nazo zikarudi kwa jirani kabla ya asubuhi. Tangu hapo alikwenda kazini peku, akifuata upande wenye kivuli.

Alhamisi iliyofuata Mwenyekiti aliongeza kwamba machozi ya mwanamke yule hayajakauka hadi leo. Yalikuwa yamekauka siku nyingi. Lakini saa kumi na moja kasorobo, hotuba ilipofika hapo, macho ya mpika chai yalianza kutiririka, na kila Alhamisi yakatiririka saa ile ile. Akatafuta beseni dogo la kuyakingia. Mara moja alichelewa, yakaingia kwenye birika, na mjumbe mmoja akasema chai ya leo imekolea.

Hotuba ilifanya kazi, hilo lazima lisemwe. Wajane kumi na wanne walifunguliwa milango ya nyumba zao. Mpika chai aliwaona walipokuja kushukuru, akawapa chai, akafurahi nao. Hotuba ikasomwa redioni. Siku chache baadaye alikutana sokoni na mke wa shemeji, yule aliyembebea mfuko.

"Shemeji yako aliisikia," mke wa shemeji alisema, akichagua nyanya. "Alizima televisheni asikie vizuri. Akaniambia, kweli kuna watu hawana utu."

"Televisheni mmeiweka wapi siku hizi?"

"Si pale juu ya cherehani. Tumeifunika kitambaa."

"Kile cha maua?"

"Kile kile."

Kitambaa hicho alikishona mpika chai. Wakaagana vizuri.

Kisha ikaja Alhamisi nyingine. Mwenyekiti alishusha sauti mpaka watu wakainama kuisikia. "Na hana mtu," akasema. "Dunia nzima, mwanamke huyu hana mtu." Ukumbi mzima ukasimama.

Mpika chai alikuwa na dada. Dada yake mkubwa alikuja kila Jumapili kumsuka, na walikuwa wakigombana kwa raha, huyu akisema unanivuta, yule akisema kichwa chako kigumu tangu utoto. Jumapili ile dada hakuja. Mpika chai akasubiri, nywele zimefumuliwa, chanuo mapajani. Alasiri akajifunga kitambaa akaenda mwenyewe.

Dada alifungua mlango. "Karibu. Unamtafuta nani?"

"Dada, ni mimi."

"Wewe nani, mwenzangu?"

Hakuwa akitania. Alimkaribisha, akampa maji, akamsikiliza kwa upole hadi mwisho, kama anavyosikilizwa mgeni aliyepotea njia. Ukutani picha yao ilikuwapo bado. Dada alikuwa anacheka, mkono ameuzungusha kwenye bega la hewa.

"Una sura ya mtu mwema," dada alisema wakati wa kuagana. "Lakini usitembee peku hivyo." Akampa ndara zake. Zilifika kwenye kona ya kwanza, zikageuka, zikarudi nyumbani.

Jumatatu, ukumbi ukiwa mtupu, mpika chai alipanda jukwaani na ufagio wake, akawasha kipaza sauti. "Nina dada," akasema. Spika zikakohoa kidogo. Alingoja, akazima, akaendelea kufagia. Jumapili dada hakuja.

Alhamisi, kabla ya mkutano, alimpelekea Mwenyekiti kikombe chake. Nywele zilikuwa bado chini ya kitambaa.

"Mama, nina ombi."

"Sema, mwanangu, niko hapa." Mwenyekiti alikuwa akipitia karatasi.

"Leo ukifika pale pangu, sema nina dada. Cherehani iache tu ilivyo. Sema hilo moja."

"Pale ndipo wanaposimama, mwanangu."

"Unaweza kulisema polepole."

Mwenyekiti aliivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akamrudishia kikombe kikiwa nusu, akapanda jukwaani.

"Dada zangu," alianza, na ukumbi ukaitikia kwa sauti moja.

Mpika chai alisimama nyuma karibu na mlango, sakafu ikiwa baridi chini ya nyayo zake. Saa kumi na moja kasorobo Mwenyekiti alifika pale. Akanywa maji, akainua kichwa, akatazama nyuma ya ukumbi kwa kitambo, juu ya vichwa vyote.

Mpika chai akaweka birika chini, akaliinua beseni lake, akalishika tayari.