Kizibo cha Ambwene

Mwaka wa 1999 Tunduma nzima ilijua kwamba Ambwene hapigiki. Si kwa ngumi za kweli, la, kwa hizo hata mwanafunzi wa darasa la nne angemkimbiza, maana alikuwa mpole kupita kiasi. Alikuwa hapigiki kwenye gemu. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kulikuwa na baa yenye mashine kubwa kama kabati la nguo. Ilikuwa na kioo, fimbo fupi na vitufe sita, na ndani yake watu wa rangi rangi walipigana mpaka mmoja aishiwe damu, ule mstari wa juu ya kioo unaopungua kila akipigwa. Vijana waliliita gemu hilo Ngumi Saba. Unaweka kizibo chako cha soda juu ya mashine kushika zamu. Aliyeshinda anabaki, aliyeshindwa anakwenda kukaa na mdomo wake. Ambwene alibaki. Akimaliza kuvusha mizigo ya watu kwa baiskeli yake, alisimama pale tangu saa tisa alasiri mpaka jua likaribie kuzama, na Wazambia wakamwita "ba Ambwene, mukwai", kama wanavyomwita mtu mzima mwenye heshima zake.

Na kati ya wote waliokaa na midomo yao, aliyekaa mara nyingi zaidi alikuwa Ishaka.

Ishaka alikuwa rafiki yake. Hilo lishikeni, maana ndilo linalouma. Baba yake Ishaka alikuja na malori kutoka Kondoa akajenga nyumba mtaa wa Sogea, na Ambwene, mtu wa milima ya Ileje, alipanga chumba cha nyuma katika nyumba hiyo hiyo. Walikula sahani moja. Ramadhani ikiingia, Ambwene hakuwahi kuweka hata karanga mdomoni mbele ya mwenzake mchana, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Sasa Ishaka akaenda Dar es Salaam, akarudi na mashine ndogo ya gemu ya kuchomeka kwenye runinga, pedi mbili za kuchezea zenye vitufe, na diski ya Ngumi Saba hiyo hiyo, toleo la kuchezea nyumbani. Akapiga banda la mabanzi mbele ya nyumba, akaweka runinga juu ya meza na mabenchi mawili, akakaa kungoja watu. Watu hawakuja. Waliochungulia walisema muziki mwembamba, hauna kishindo kama wa Nakonde. Wakasema wale mashabiki wanaorukaruka nyuma ya wapiganaji kule, huku wamesimama wima kama wanapigwa picha ya pasipoti. Tena gemu gani hilo, bingwa wake yuko ng'ambo? Wakageuza wakavuka mpaka kama kawaida yao.

Iliingia wiki ya tatu banda likiwa tupu. Ishaka, kwa kukosa kazi, akawa anabonyezabonyeza vitufe, ndipo akaangukia ukurasa ambao mashine ya Nakonde haikuwa nao. Kule, wa kubadili chochote alikuwa mwenye baa na ufunguo wake. Huku ukurasa ulikuwa wazi kwa kila mwenye kidole, ila maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Akajaribu mstari mmoja mmoja. Wa kwanza ulipunguza sauti. Wa pili ulibadili muda. Wa tatu ukiusogeza, ngumi za mwenye pedi ya kushoto zinakuwa nzito, na za mwenye pedi ya kulia zinakuwa kama anapapasa.

Akaujaribu peke yake, pedi moja mkono huu na nyingine mkono huu. Akausogeza hatua tatu katika nane, kiasi cha kuuma bila kuonekana. Halafu akamwita Ambwene.

Siku hiyo banda lilijaa mpaka mabanzi yakalia. Hata Wazambia walivuka kuja kuona. "Mwenye nyumba anakaa kushoto," Ishaka alisema, na Ambwene akacheka, akasema sawa, mwenye nyumba ana haki yake, akashika pedi ya kulia. Alimchagua yule mzee mwenye koti refu aliyemchagua siku zote. Alipiga vizuri. Kusema kweli alipiga kuliko Ishaka, lakini damu ya Ishaka ilipungua kwa kudokoa na ya kwake ilikwisha kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Akapigwa mara ya kwanza, akapigwa ya pili, akapigwa ya tatu. Ambwene akatazama vidole vyake, akatoa kizibo mfukoni, akakiweka juu ya runinga kuomba zamu nyingine.

"Mashine imepata moto," Ishaka akasema. "Tuiache ipoe."

Akazima. Tangu kesho yake watu walijaa hapo kila siku, na kizibo cha Ambwene kikabaki pale pale juu ya runinga. Kila aliyetaka kukiondoa Ishaka alimkaripia.

Kama mambo yangeishia hapo ungesema ni ujanja wa mjini tu. Lakini watu wa mpakani wana jambo lao moja wanaloliamini kuliko kalenda: dawa haivuki mpaka. Dawa ya biashara uliyofungiwa Zambia, ukivuka nayo Tanzania, imekufa, mpaka uifunge upya. Basi jibu likapatikana kabla vumbi halijatulia. Ambwene alikuwa na dawa. Ndiyo maana Nakonde hapigiki, na ndiyo maana alipokaa Sogea akapigwa kama mtoto. Wakampachika jina, Dawa Kavu. Watoto wa shule walimwita hivyo akipita na mizigo yake, na wenye mizigo wakaanza kutafuta baiskeli nyingine.

Jina likafika kanisani kwao. Ambwene aliimba besi kwenye kwaya, na mwezi uliofuata ndoa yake na Diana, binti kutoka Isansa, ilikuwa ianze kutangazwa. Wazee wa kanisa wakamsimamisha kwaya, wakazuia matangazo mpaka jambo la uganga lichunguzwe. Baba yake Diana akatuma ujumbe kwamba binti yake haolewi na mganga. Akatoa wiki mbili, jina lisiposafishwa, atarudisha barua ya posa.

Yote hayo Ishaka aliyasikia akiwa amekaa bandani pake, katikati ya kelele za wateja. Kila jioni alijiambia kesho nitasema, na kesho ikifika alitazama mabenchi yalivyojaa, akajiambia kesho tena. Alikuwa na soni mpaka akawa anaingia nyumbani kwa mlango wa mbele tu, asikutane na mpangaji wa nyuma.

Ambwene ndiye aliyemfuata, siku ya tisa ya zile wiki mbili. Alibisha hodi, akakaa kwenye benchi, akazungusha kofia mikononi.

"Ndugu yangu, nina shida," akasema. "Wazee wanakaa kesho saa nane. Wanataka mtu aliyekuwa karibu yangu siku ile. Njoo useme tu kwamba hukuona dawa. Wewe huna cha kupata kwangu, watakuamini."

"Nitakuja," Ishaka akasema, na hakuweza kumtazama.

Akapanga moyoni kusema hilo hilo tu. Sikuona dawa. Si uongo, hakuiona. Ambwene angeoa, banda lingebaki, na dunia ingeendelea. Binadamu ana akili nyingi sana za kujikwepa.

Wazee walikuwa watatu nyuma ya meza, katika ukumbi mdogo wa kwaya. Mkubwa wao alikuwa Mzee Nikodemo, mkulima wa kahawa aliyehamia mjini, na pembeni yake Mama Jenista. Wa tatu aliandika. Ishaka akaamkia shikamoo, wakaitikia, wakamkaribisha kiti kwa heshima iliyomchoma.

"Kijana," Mzee Nikodemo akasema, "uliona dawa yoyote?"

"Sikuona, mzee."

"Kule ng'ambo alikuwa akikushinda?"

"Kila siku."

"Basi hapa ulimshindaje?"

Kabla Ishaka hajajibu, Ambwene akamjibia kutoka kwenye kiti chake. "Alijifunza, mzee. Ishaka ni mtu wa bidii. Mimi nilijiona nimefika, yeye alikuwa akijifunza."

Ishaka angetukanwa angevumilia. Kusifiwa na mtu uliyemzika, tena anakusifu kwa moyo mweupe, hilo hakulipangia.

"Sikujifunza," akasema. "Nilimwibia. Mashine ya nyumbani ina ukurasa wa kupunguza nguvu za mwenzako. Niliupanga kabla hajaja. Hakuna dawa, wazee wangu. Dawa ilikuwa mimi."

Akangoja wamtukane. Mzee Nikodemo akatikisa kichwa polepole, akatabasamu.

"Una huruma, kijana. Unajichafua ili kumsafisha mwenzako. Ni Wakristo wetu wangapi walio hivyo? Lakini baraza haliwezi kuamua kwa huruma."

"Ishaka," Ambwene akasema kwa sauti ya chini, "usiseme uongo kwa ajili yangu. Mungu ataniona."

Ishaka alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa amesema ukweli kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze, na ukweli wenyewe unahesabiwa wema. Akainuka. Akawaomba wamsubiri, akatoka mbio mpaka Sogea, akachomoa waya mbele ya wateja waliokuwa katikati ya mchezo, akapakia runinga, mashine na pedi kwenye mkokoteni wa jirani, akarudi akisukuma mwenyewe. Alipofika, wazee bado walikuwa wamekaa.

Akachomeka pale wanapochomeka spika za kwaya. Akafungua ukurasa wa Kijapani. Mstari wa tatu ulikuwa hatua ya tatu, hakuwahi kuugusa tangu siku ile. Akausogeza mpaka mwisho ili waone bila shaka. Akampa Mzee Nikodemo pedi ya kushoto, Ambwene ya kulia.

"Nibonyeze nini?" mzee akauliza.

"Chochote, mzee wangu."

Ambwene akamchagua mzee wake wa koti refu, na mchezo ukaanza. Hakumhurumia mtu, alipiga kama Nakonde, ngumi ishirini, thelathini, na damu ya upande wa pili ikawa kama haijaguswa. Mzee Nikodemo alibonyeza kwa kidole kimoja kama anayepiga kengele ya mlango. Teke moja likampata mwenye koti, thuluthi ya damu ikaenda. La pili. La tatu, mwenye koti akalala chini.

Mama Jenista akacheka. "Umemshinda bingwa, mzee." Halafu akaona uso wa Ambwene, akaacha kucheka.

Raundi ya pili ikaanza yenyewe. Ambwene hakubonyeza. Aliweka pedi magotini akamgeukia Ishaka, akamtazama, na nyuma yake Mzee Nikodemo akaendelea kumpiga mtu asiyejitetea mpaka akammaliza. Ishaka alijilazimisha asiinamishe macho. Akainamisha.

Baraza halikukaa sana baada ya hapo. Ambwene alirudishwa kwaya siku hiyo hiyo, matangazo ya ndoa yakapangwa Jumapili, na Mama Jenista akasema atakwenda Isansa mwenyewe kwa baba yake Diana. Ishaka akabaki amesimama karibu na runinga yake.

"Na mimi, mzee?" akauliza.

Mzee Nikodemo alivua miwani akaifuta. Hakuwa akitabasamu tena. "Wewe si wa kwetu, kijana. Hatuna pa kukusimamisha."

Ishaka alikunja waya. Aliponyanyua runinga ikamzidi nguvu, na aliyeishika upande wa pili alikuwa Ambwene. Akaipakia kwenye mkokoteni, akaifunga kamba kwa fundo lile la wabeba mizigo, akasukuma yeye. Ishaka akamfuata nyuma, mikono mitupu, katikati ya mji, mchana kweupe. Watoto wawili waliita Dawa Kavu. Ishaka akawaambia wanyamaze, wakakimbia wakicheka.

Bandani Ambwene akaiweka runinga juu ya meza taratibu, asiikwaruze. Ishaka akachomeka, akawasha, akafungua ule ukurasa, akarudisha mstari wa tatu kwenye sifuri huku mwenzake akiona.

"Nimeweka sawa," akasema. "Nisamehe, ndugu yangu. Kaa kushoto. Tucheze, watu waone."

"Kizibo changu kiko wapi?"

Ishaka alikuwa amekitia mfukoni alipokuwa akipakia. Akakitoa. Alidhani Ambwene atakiweka juu ya runinga, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze akapumua.

Ambwene alikifuta kwa kidole gumba, akakitia mfuko wa shati.

"Sheria unaijua, Ishaka," akasema. "Aliyeshinda anabaki. Baki."

Akatoka. Jioni hiyo alihamisha godoro lake kutoka chumba cha nyuma, na wateja walikuwa wamekwisha kujaa kwenye mabenchi, wakimwambia Ishaka aanzishe.