Dirisha la Radojka

Babu yangu alirudi kutoka vitani na risasi mwilini, akaishi mpaka akachoka kunyoa ndevu. Kilichomuua ni dirisha na mlango vilivyoachwa wazi kwa pamoja. Hapa kwetu mashariki mwa Serbia, upepo unaoingia huku na kutokea kule haumbakizi mtu. Mimi mwenyewe niliuona ukimlaza fahali.

Kwa hiyo mtoto wa mbwa wa jirani yangu Radojka alipoanza kukohoa, hakuna aliyeuliza sababu. Radojka alifunga madirisha, akaziba nyufa kwa matambara, akachochea jiko la kuni. Garov, ndilo jina la mbwa, akazidi kukohoa. Alinyoosha shingo kama aliyekwamwa na mfupa, mbavu zikienda mbio.

"Mpake pombe ya plamu kifuani," nikashauri.

"Nimempaka."

"Basi nipe iliyobaki."

"Usinichekeshe, Desimir. Miloje alianza hivihivi."

Miloje alikuwa mumewe. Tulimzika wakati wa theluji, ndipo binti yao akamletea mama yake mbwa huyu ili nyumba isiwe kimya. Nikaacha mzaha, nikaenda kumwita daktari wa mifugo.

Daktari Slavica aliingia, akakohoa yeye kwanza. Moshi wa mle ndani ungekausha nguruwe mzima. Akamfunua Garov midomo, akatazama fizi, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Mapafu bado mazima," akasema. "Njia ya hewa ndiyo imevimba, na moshi huu unaichokonoa. Nitaacha dawa. Mvue ukanda wa shingoni, mfunge wa kifuani. Fizi zikigeuka buluu, nipigie simu hapohapo. Na dirisha lifunguliwe."

"Upepo utamuua, mwanangu."

"Mama Radojka, hana hewa."

Radojka alimkumbatia mbwa, asiinuke. Nikamwambia taratibu, "Miloje alikuwa mgonjwa wa moyo. Na siku ile alipofariki dirisha lilikuwa limefungwa. Nilikuwepo."

Akanitazama sana. Kisha akamviringisha Garov kwenye sweta la Miloje.

"Funga mlango kwanza," akaniamuru, akalisukuma dirisha kidogo, halafu kidogo tena. Garov akaingiza pua kwenye upenyo, akakohoa, akavuta pumzi ndefu, akasinzia palepale.

Wiki iliyofuata nilikuta dirisha wazi kabisa. Radojka kakaa hapo na kofia ya manyoya ya mumewe, na Garov anawabwekea ng'ombe barabarani, kikohozi kikimkatiza mara mojamoja tu.

"Ingia," akasema, "ila funga mlango haraka."

Nikafunga. Babu yangu angekuwa na akili hiyo, tungekuwa naye mpaka leo.