Kafa Ulaya, Kafa Izia

Jamani, hivi kweli mtu unakwenda kumjulia hali mgonjwa, hata pole hujamaliza kuitamka, umeshamuuliza nguo zake alikuwa ananunua wapi? Ndivyo walivyokuwa wanawake wa mtaa wetu wa Izia mwaka ule mdogo wangu Silvana aliporudi kutoka Dar es Salaam. Alishuka treni Tunduma, akadandia lori lililokuwa linakuja kuchukua mahindi, akafika kwangu amekonda, anakohoa, na sanduku kubwa kuliko yeye mwenyewe. Tukasema ana kifua. Mimi dada yake nilisema hivyo hivyo, maana ndivyo alivyotaka niseme.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Sisi tuliozoea kupanga foleni kwenye duka la ushirika, tunagawiwa kitenge kimoja kimoja utadhani dawa, ghafla tukaona nguo zimemwagwa chini sokoni kama maharage. Asubuhi robota la mitumba linakatwa kamba, mchana nusu ya mji imevaa sketi za wazungu. Tuliziita kafa Ulaya. Kwani mzungu gani mwenye akili zake atoe koti zima namna ile akiwa hai? Lazima kafa. Tulicheka, tukavaa, tukaenda nazo hadi kwenye komunyo.

Lakini kuokota kafa Ulaya sokoni ni jambo moja, na kujua wenzetu wa Dar wanavaa nini ni jambo jingine. Hilo la pili alilijua Silvana. Alikuwa akiuza kwenye duka la nguo za kike mjini kule, mtaa wa Samora, mpaka mumewe alipofariki na yeye mwenyewe akaanza kuugua. Basi habari zikaenea kwamba kwa Otilia, ndiye mimi, kuna mtu anayeijua Dar nje ndani, na wageni wakaanza kumiminika.

Baridi ya Ufipa mwezi wa sita mnaijua. Nilikuwa namtandikia mkeka ukutani, upande wa jua, namfunika shuka na sweta la mume wangu, na wanawake wanakaa kumzunguka. Hapo Silvana alikuwa anafufuka. Sauti ilikuwa imekwisha, lakini mikono ilisema.

"Mkishuka Kariakoo, anayewavuta mkono msimfuate. Anayekuvuta mkono nguo zake zimeshindwa kukuvuta. Mtaa wa Kongo nendeni asubuhi mapema, hakuna muuzaji anayetaka mteja wa kwanza aondoke mikono mitupu. Kitenge usikisifie rangi mpaka ulowanishe kidole ukisugue. Kidole kikigeuka rangi, mrudishie na umtakie siku njema."

"Na gauni la harusini?" Leonia akauliza. Huyu Leonia alisoma darasa moja na Silvana. Walikuwa wanatoka wote kijijini kwetu Mollo miguu peku kwenda shule, wanagawana kiazi kimoja njiani. Sasa alikuwa muimbaji wa kwaya, na hakuna Jumapili aliyokuja kanisani bila kujitengeneza.

"La harusini nenda Samora kwenye vioo. Ila lile la dirishani usilitake, limeshaungua na jua. Mwambie akuletee la ndani. Akikuletea, usitazame mbele, geuza utazame mshono. Nguo ni kama mchumba, mtazame upande ambao hakutegemea umtazame."

Walicheka mpaka Silvana akashikwa na kikohozi, wakampigapiga mgongoni. Leonia akamshika magoti, "Fungua basi hilo sanduku tuone, wewe mchoyo!" Kila aliyekuja aliomba hivyo hivyo. Macho yalikuwa yanapita mlangoni, yanaingia mpaka chumbani lilikokuwa. Lakini Silvana hakufungua hata siku moja.

"Nguo ikionwa kabla ya siku yake inachuja," alikuwa anawajibu.

Wakishaondoka, ananiita ndani. "Dada, umeyaona mabega ya Leonia? Yamekaa vizuri. Lile gauni la zambarau lenye kola pana ni lake. Lile nililipata mwenyewe, la ndani, halijavaliwa na mtu kabla yangu. Ile sketi ya mikunjo mpe yule wa nyumba ya jirani, ana kiuno. Koti jeupe la mama mdogo." Ndiyo kusema wenzie walikuwa wanajifunza mitaa, yeye alikuwa anawapima kwa macho.

Nikamkaripia. "Wewe unagawa nguo unakwenda wapi? Kunywa uji huo!"

"Dada, nisikilize." Akaweka kikombe chini. "Alipokufa mume wangu, ndugu zake walitoa nguo zake zote uani, wakazimwagia mafuta ya taa. Mpaka shati la harusi yetu. Nilikuwa nimesimama pale pale. Niliomba hata soksi, wakaninyima. Mtu alikuwa anapiga pasi, anapendeza, watu wanamgeukia, na mwisho wake ukawa moshi wa kukoholesha majirani. Zangu zisichomwe. Wazivae. Nataka Jumapili moja zipite pale kanisani watu wageuke. Niahidi."

Nikaahidi. Ningefanyaje? Nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Mwezi wa nane mkanda wa jeshi, ule upele wa malengelenge, ukamzunguka kiunoni. Wale mnaokumbuka miaka ile mnajua maana yake. Mtu angeweza kukohoa mwaka mzima watu wakasema kifua, wakasema amerogwa, lakini ukitoka ule mkanda hakuna tena anayeuliza. Sijui nani aliuona. Ninachojua, ndani ya wiki ile mji mzima ulikuwa unanong'ona kwamba mdogo wake Otilia kakanyaga waya, ana ule ugonjwa usio na dawa, na mkeka wangu ukabaki na mtu mmoja.

Leonia alikuja mara moja ya mwisho. Hakukaa. Alisimama pale kwenye mihogo, kitambaa mdomoni, akauliza, "Anaendeleaje?" kama anayeuliza habari za ng'ombe wa jirani. Nikamwambia aingie amuulize mwenyewe. Akasema kuna mazoezi ya kwaya.

Silvana aliendelea kutaka atolewe nje kila siku. Anakaa, anatazama njia.

"Leo hawaji?"

"Wanavuna ulezi."

"Ulezi ulishavunwa, dada."

Nilikaa kando yake nikamwomba anieleze tena njia ya kutoka Kariakoo kwenda Samora. Akanieleza yote, kona kwa kona, kwa sauti ya kunong'ona, na mimi naitikia kama kesho nasafiri. Alifariki kabla mvua hazijaanza.

Msibani walikuja, nisiwasingizie. Walileta unga, walichota maji, walilia na kaburi wakalifukia. Ufipa msiba haususwi. Leonia aliimba mpaka sauti ikakatika, na sidhani kama alikuwa anaigiza. Ndilo linaloniuma. Ingekuwa ni wabaya tu ningewatukana nikapumua.

Siku ya kuanua tanga mama mdogo Epifania, aliyetoka Mollo kutusimamia, akaagiza sanduku liletwe katikati ya mkeka. Ndivyo tunavyofanya. Nguo za marehemu ndugu na marafiki wanagawana, mtu akivaa watu wanasema hiyo ilikuwa ya fulani, na fulani anabaki kwenye midomo. Hata tambara halikataliwi. Nilikaa karibu na sanduku, maana nilikuwa na ahadi ya kutimiza na nilijua kila kitu ni cha nani.

"Aanze Leonia," nikasema. "Marehemu alikutaja kwa jina."

Leonia akatazama chini. "Mimi hapana, da Otilia. Nguo ninazo."

"Nani kakwambia huna? Nakupa alichokuachia." Nikashika zipu ya sanduku.

"Usilifungue!" Alipiga kelele, akanyanyuka na mtoto wake aliyempakata. "Usilifungue hapa, kuna watoto!"

Basi wote wakarudi nyuma. Wale wale walioshika magoti ya Silvana wakisema fungua tuone. Sanduku likabaki peke yake katikati ya mkeka, na huko nyuma nikasikia sauti ya mwanamke ikisema taratibu, "Kikulacho ki nguoni mwako," na mwingine akaguna kwa kicheko.

Nilisimama. "Nani kasema? Ainuke aseme nimwone! Si madaktari walishawaambia nguo haiambukizi, mmesahau? Mbona mlikuja kukaa mkeka mmoja naye mkicheka? Mnavaa chupi za watu waliokufa msikokujua, mnazileta mpaka kwa padri, leo hii gauni la Silvana mnaliogopa? Silvana aliyewachotea maji alipokuwa msichana?"

Walichukua vitenge vyao, wakaaga mmoja mmoja kwa adabu, "Tukaze moyo, mama," wakaondoka. Jirani wa sketi ya mikunjo alikwishaondoka zamani.

Mama mdogo Epifania akanishika mkono. "Mwanangu, tuchome. Yaishe."

"Na koti lako jeupe, mama mdogo?"

Akauachia mkono wangu. Kisha akasema, "Mimi ni mzee, koti nitalipeleka wapi?" Huyo ndiye aliyetulea baada ya mama yetu kufa. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi, nikalia mpaka nikachoka.

Ningezivaa mwenyewe, wallahi ningezivaa zote siku moja. Lakini mimi Mungu alinijalia mwili. Gauni la Silvana lingeishia mkononi. Zikakaa chini ya kitanda, na kila nikifagia mume wangu anauliza, "Hizi tunazifanyaje?" Najua alitaka kusema nini. Siku moja nikakuta kaweka kibiriti na chupa ya mafuta ya taa karibu na mlango wa uani. Nikajitwisha sanduku, nikaenda nalo sokoni kwa Kashinje.

Kashinje ni Msukuma. Baba yake alihamia bondeni na ng'ombe, yeye ng'ombe hakuwapenda, akaingia kwenye marobota. Nikamfungulia sanduku nyuma ya kibanda chake. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mwingine kuziona. Alinyanyua lile la zambarau, akaligeuza, akatazama mshono.

"Dada, hii kitu safi. Za nani?"

Nikaendelea kuzitoa nyingine.

Akanitazama usoni, akalikunja tena polepole. "Basi. Hapa kwangu hakuna anayeuliza nani kafa. Wanauliza kama linawatosha tu."

"Sitaki hela. Nataka zivaliwe."

"Zitavaliwa. Ila hivi zilivyo haziwezekani. Zimepigwa pasi, zinanukia sabuni, watashtuka. Kafa Ulaya inakuja na makunyanzi." Akachukua sketi ya mikunjo, akaifinyanga kwa mikono miwili, akaikandamiza kwa goti kwenye gunia. "Nisaidie, dada, ziko nyingi."

Basi nikapiga magoti pale nikamsaidia. Nguo ambazo mdogo wangu alizipiga pasi kwa mkono wake, kwa nguvu zake za mwisho, nikazikunjakunja, nikazikandamiza, nikazivuruga mpaka zikafanana na za watu nisiowajua. Koti jeupe nilililalia. Nililia pale sokoni bila haya, na Kashinje akasogeza gunia ili wapitaji wasinione.

Mvua zikaanza, Majilio yakaingia. Jumapili ile nilikaa nyuma kama kawaida yangu. Kwaya ikaingia, na mbele yao Leonia, ndani ya gauni la zambarau lenye kola pana. Lilikuwa limemkaa mabegani kama lilivyosemwa litamkaa. Alikuwa amependeza, mshenzi yule, alikuwa amependeza. Na watu wakageuka. Benchi baada ya benchi, wanaume kwa wanawake, wakageuka. Sala sikusali. Nilitaka kwenda kumvua mbele ya padri.

Baada ya misa wakamzunguka uwanjani, na mimi nikasogea. Wanampapasa mikono, wanashika kitambaa.

"Leonia, hili umelitoa wapi? Usituambie umefika Dar!"

"Dar ya nini? Kafa Ulaya hii, kwa yule Msukuma!" Akazunguka mara moja ili waone nyuma. "Nililiona nikasema hili ni langu, hili nimepimwa mimi. Mzungu aliyelivaa hili, Mungu amlaze pema, alijua kuvaa."

Wakaitikia amina wakicheka. Leonia akaniona. "Da Otilia, mbona umenikodolea macho? Au halijanikaa?"

Maneno yalikuwepo, yalikuwa yamejaa mdomoni. Lakini nikiyatoa, gauni litavuliwa kabla ya ugali wa mchana, na jioni nitaona moshi uani kwake. Nikiyameza, litavaliwa Krismasi, litavaliwa Pasaka, na Silvana wangu atakuwa mzungu asiye na jina mpaka lichakae. Njia ya tatu niliitafuta nikiwa nimesimama pale. Haikuwepo.

"Limekukaa," nikasema.

"Si unaona! Nawaambia, marehemu huyo alijua."

"Alijua," nikasema, nikamnyooshea kola iliyokuwa imejikunja nyuma.