Kikopo Namba Mia Moja na Kumi na Saba

Saa mbili na nusu asubuhi fundi wa maabara alivaa glavu, akafungua friji ya utafiti na kuanza kukagua vikopo vya mkojo, kimoja kimoja, kwa namba. Majina hayakuwepo. Ulikuwa mkojo wa watu waliokwisha kutolewa uvimbe wa saratani kwenye kibofu, na utafiti uliuliza jambo moja tu: kuna nini humo kinachoweza kutabiri kwamba uvimbe utarudi?

Protini walizopima ziliyumbayumba, leo hivi kesho vile. Vikopo vyenyewe vilikuwa na msimamo. Cha mtu ambaye uvimbe wake ungerudi kiliita, kwa sauti ya mwenyewe, kikimtaja anayempenda. Vilishaita kumi na tisa na hakuna kilichokosea. Kimoja kilimwita mbwa, nacho kiliandikwa vilevile, maana mtafiti mkuu, mtu wa utaratibu, alishaongeza safu kwenye daftari: Kimeita, Hakijaita.

Asubuhi hiyo namba mia moja na kumi na saba ikasema, "Mama Chumvi."

Fundi aliweka kalamu chini. Duniani anayemwita hivyo ni mmoja: mumewe, fundi saa, aliyempa jina hilo wiki ya kwanza ya ndoa kwa ajili ya mchuzi ambao, jamani, hata paka aliususa. Miaka thelathini na moja sasa. Aliandika "Kimeita," kazi ni kazi, kisha akaenda kwa mtafiti mkuu.

"Daktari, mia moja na kumi na saba ni mume wangu. Kipimo chake cha kamera ya kibofu ni baada ya miezi sita. Naomba iwahishwe."

"Pole sana, mama. Lakini mgonjwa hapewi majibu ya utafiti mpaka kipimo kithibitishwe."

"Kitathibitishwa lini?"

"Uvimbe ukisharudi kwa watu wa kutosha."

Alisema bila ubaya. Alimvutia kiti, akamtilia chai.

Jioni fundi alimweleza mumewe yote, kanuni zipende zisipende. Alimkuta mezani, lenzi jichoni, akifungua saa ya jirani.

"Kumbe hata mkojo wangu unakujua," mume alisema.

"Usinichekeshe. Naogopa."

"Na mimi naogopa, Mama Chumvi. Lakini ulitaka kimwite nani, mwenye nyumba?"

Kesho yake wakaenda kliniki pamoja. Karani wa miadi aliamini neno kwa neno. Dada yake naye aliitwa na kikopo mwaka jana. Akatoa fomu ya kuwahisha kipimo. Ilitaka damu kwenye mkojo, au maumivu, au barua ya daktari. Daktari angeandika barua akiwa na majibu, na majibu yalikuwa ndani ya friji.

"Mkiona damu, njooni siku hiyohiyo," karani aliwaambia kwa upole, akawafungulia mlango.

Fundi akarudi kazini. Wenzake walikuwa wameisogeza meza yake karibu na friji, asichoke kwenda na kurudi. Kikopo kiliita kutwa nzima, taratibu, kama mtu anayetafuta miwani yake. Hakuwahi kumwacha mumewe aite bila kuitikiwa, na hakuanza siku hiyo.

"Abee," alijibu kila mara, akaweka alama kwenye safu ya kwanza. Ilikuwa bado miezi mitano na siku ishirini na tisa.