Herufi E Chini ya Rejeta

Mwalimu Eliufoo wa Mhezi hakumwamini fundi yeyote chini ya jua, na mafundi wa Same ndio kabisa. Siku moja kabla ya kulipeleka gari lake gereji, Pijo kuukuu alilolinunua kwa mmisionari aliyerudi kwao, alilala chali uvunguni akiwa na msumari wa inchi nne. Akakwaruza herufi E kwenye dainamo, kwenye kabureta, na kwenye bati la chini la rejeta. Mkewe Ernesta alimuuliza kama gari nalo linaanza darasa la kwanza. Vipuri vilikuwa vimeadimika kuliko sukari, na kila mtu alimjua mtu aliyepeleka gari zima kwa fundi akarudishiwa makopo.

Ubovu ulikuwa wa breki. Kanyagio lilizama hadi sakafuni, kwa hiyo aliliteremsha mlimani kwa gia ya kwanza huku akisali. Fundi Lugano, Mnyakyusa aliyeletwa Upareni na malori ya mkonge, alikaa nalo siku tatu, akabadilisha mipira ya silinda ya breki. Gari lilirudi Mhezi bila kulalamika hata kwenye kona mbaya. Mtu mwingine angeshukuru.

Eliufoo alirudi uvunguni. E ya dainamo ipo. E ya kabureta ipo. Chini ya rejeta kidole kilipita palipo laini, hakuna kitu. Hasira ikampanda. Rejeta yake ilikuwa imebadilishwa.

"Umemuuliza fundi?" Ernesta alisema.

"Nimuulize mwizi, anijibu nini?"

Ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, watu wakifukia sabuni mashambani. Jina likishaandikwa, mwenye nalo alilala rumande kwanza, maswali baadaye. Eliufoo alilijua hilo vizuri. Akaandika barua kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni kwamba fundi Lugano anauza vipuri vya wananchi kwa magendo, na Jumatatu akaifikisha ofisi ya msako, Same. Alhamisi aliitwa ateremke na gari lake, amwonyeshe mtuhumiwa. Akafika gereji na mgambo mmoja, Swalehe.

"Shikamoo, Mwalimu," Lugano alisema. "Breki zimesumbua tena?"

Eliufoo alifungua boneti. "Fungua rejeta. Itoe kabisa tuione."

Lugano alimtazama mgambo, kisha akamtazama Mwalimu. Akamwaga maji, akafungua boliti nne, akailaza rejeta kifudifudi juu ya gunia.

"E yangu iko wapi?"

Fundi alishusha pumzi. Alipasha chuma cha kuchomelea kwenye mkaa, akagusa kiraka cha risasi ya kuchomelea chini ya rejeta, kikayeyuka, akakifuta kwa tambara. E ikatokea. Katikati yake palikuwa na tundu dogo, maji yaliyosalia yakidondoka.

"Wateja wote mnatia alama, Mwalimu. Wengine rangi ya kucha. Wewe ulitoboa. Nikaziba, nikanyamaza, nisikuaibishe."

Eliufoo aliona aibu, aibu ya kumfanya mtu mzima atazame viatu vyake. Akamgeukia Swalehe. "Nimekosea mimi. Nirudishieni barua yangu."

"Barua ilikwenda Moshi juzi, ofisi ya mkoa. Amri imerudi jana, apelekwe leo. Ukitaka kuifuta, ufike huko mwenyewe kabla ofisi haijafungwa."

"Basi nipakieni na mimi."

"Landrova ya kwenda Moshi imejaa watuhumiwa," Swalehe alisema. "Wewe si una gari?"

Eliufoo alimshika fundi mkono. "Lugano, mwanangu, irudishe upesi. Nikufuate nikaseme ukweli."

Lugano alinawa mikono kwa mafuta ya taa, taratibu, kidole kimoja kimoja. Kisha akaokota spana, akamwekea kiganjani.

"Irudishe mwenyewe, Mwalimu. Hapo utakuwa na hakika ni ileile. Boliti ni nne, zihesabu."

Swalehe akaondoka naye. Eliufoo alipiga magoti mbele ya Pijo lake, spana mkononi. Tundu la E lilikuwa bado wazi, chuma cha kuchomelea kinapoa kwenye majivu, na fundi pekee ambaye sasa angemwamini alikuwa anapandishwa Landrova.