Kitu cha Kwanza Atakachobadilisha

...na kunyamaza kidogo si vibaya, ndivyo nilivyomfundisha mwenyewe, ukipata mpira usianze kuudunda ovyo, inua kichwa, tazama kwanza, lakini jamani Kipisi, hili si swali la kutazama, hili ni swali la zawadi, mkuu wa chuo amekuuliza vizuri kabisa, kwa ile sauti yake ya kusoma risala, "Ukipewa timu hii, kitu cha kwanza utakachobadilisha ni kipi?" na jibu lake analijua hata mlinzi wa getini, jibu ni hakuna, mheshimiwa, sitabadilisha kitu, nitaendeleza aliyoyajenga Kocha wangu, halafu unanigeukia kidogo hapa nilipobandikwa ukutani, unatabasamu, mimi nainamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa, daktari wa chuo anapiga makofi, mchezo umekwisha, twende tukanywe chai... sema basi, mtoto wewe, mbona unatazama vidole vyako, vidole vina nini leo, na miguu hiyo, masikini, hata kwenye kiti cha wageni haifiki chini, umri wote huu na bado inaning'inia, kocha wa mpira wa kikapu ambaye miguu haigusi sakafu, nikicheka watanitoa nje, na mimi nilishaonywa mlangoni, "Kocha, leo wewe ni masikio tu, mdomo uache huko nje," wakacheka wote, nami nikacheka, lakini ilinichoma, mimi niliyeipigia kelele timu hii ya wasichana tangu uwanja ulipokuwa vumbi tupu, leo nimepewa kiti cha plastiki chini ya feni kama mzazi aliyekuja kumwombea mwanawe nafasi, eti kocha anayestaafu hapigi kura wala hachangii, ndivyo kanuni inavyosema, haya, nimekaa, nimefunga mdomo, taya zinaniuma.

Lakini kazi yangu nilishaifanya kabla ya leo, mimi si mjinga, daktari nilimshika kwenye korido nikamwambia huyu msichana ni damu ya timu, mwalimu wa hisabati nikamvizia kwenye foleni ya chai, yule mgumu, anataka takwimu, anataka asilimia, nikamwambia asilimia utazipata, wewe inua mkono tu, na nahodha wetu wa sasa, yule anayetafuna kifuniko cha kalamu pale pembeni kama hakula asubuhi, yeye sikumgusa, mtoto ana akili zake, na mkuu hasomeki, hasomeki kabisa, anatikisa kichwa kwa kila mtu, hata kwa yule kijana wa tai aliyetoka sasa hivi, na kompyuta yake, na michoro yake ya mishale, simchukii, ana adabu, aliniamkia shikamoo safi kabisa, lakini alipoulizwa swali hili hili alitaja vitu chungu nzima, chakula, mazoezi ya asubuhi, mpaka rangi ya soksi, na mwalimu wa hisabati akawa anaandika, anaandika, anaandika, kwa hiyo Kipisi, mwanangu, hapa si mahali pa kuremba, ukikosea jibu hili timu inakwenda kwa soksi... anavivuta vidole kimoja kimoja, anaogopa, huyu? Huyu ambaye siku ya kwanza aliingia ukumbini akiwa mfupi kuliko wote, amemsindikiza rafiki yake mrefu, nami nikamwambia, we mtoto, umekuja kubeba chupa za maji? Akaniangalia hivi, kutoka chini kwenda juu, akasema, "Nimekuja kucheza, chupa utabeba wewe," loo, ukumbi mzima ukageuka kututazama, nikasema moyoni huyu nimempata, sijui atacheza namna gani lakini nimempata, na yule rafiki mrefu hata sikumbuki sura yake, na kweli mwaka haujaisha nilikuwa nazibeba chupa mwenyewe, maana alikuwa anawachenga watoto wenye urefu wa mlango, anapita kwapani mwao, wakigeuka mpira umeshaingia, wanabaki kutazamana.

Atasema hakuna, ninamjua, na akisema hakuna basi mambo yangu yote yamenyooka, maana mimi nimeshajipanga, kiti cha kukunja nimeshakinunua, kimelala kwenye buti ya gari chini ya turubai, hata mzee wangu nyumbani hajakiona, nitakiweka pale kwenye nguzo, upande wa kushoto wa benchi, nitakaa tu, sitasema neno, labda moja, labda mawili, wakati wa mapumziko nitamwita Kipisi nimnong'oneze, yule namba saba amechoka, yule mwingine anakaba kwa macho badala ya miguu, atasema ahsante Kocha, na wasichana watakuwa wananiona, watajua nipo, mambo yatakwenda kama kawaida, nani atajua nimestaafu, labda mzee wangu peke yake, naye amenunua viatu vya kutembelea, vyangu na vyake, jozi mbili zinazofanana kama tumekuwa mapacha, anasema kila siku saa kumi jioni tutakuwa tunatembea mpaka darajani na kurudi, nikamwambia tutaona, mume wangu, akasema nimeijua hiyo tutaona tangu siku ya harusi, akacheka, yeye hanuni, amenisubiri jioni zote hizi na hajanuna, lakini saa kumi ni saa ya mazoezi, mtu anawezaje kutembea saa kumi...

"Kitu cha kwanza," haya, amefungua kinywa, Kipisi huyo, sauti ile ile nzito kuliko mwili wake, wote tumesogea mbele, hata feni ni kama imepunguza kelele, "kitu cha kwanza, Kocha hatakuja mazoezini." Nani? Ndiyo, na mkuu naye anauliza, "Samahani, nani?" na Kipisi anasema, "Kocha wangu huyu. Msimu wote wa kwanza. Mazoezini asije, na siku za mechi akae juu na mashabiki, asikae nyuma ya benchi letu." Kifuniko cha kalamu kimemtoka nahodha mdomoni, kinabiringika mezani, hakuna anayekiokota, daktari ananitazama kama anataka kunipima presha, na mimi... kha! Mimi? Mimi nisije? Mimi niliyekulaza kitanda cha mwanangu muhula mzima mama yako alipokuwa amelazwa, niliyekufunga bendeji kifundo cha mguu kwa mikono hii, niliyekufundisha kupiga pasi bila kutazama, leo mbele za watu, mimi ndiye kitu cha kwanza, hata soksi zingetangulia! Masikio yanawaka moto, ningekuwa na mdomo wangu leo ungenisikia, ungenisikia vizuri sana, Mungu amekunusuru kwa kanuni yao... na amejuaje? Sijamwambia mtu, kiti kiko chini ya turubai, hata aliyeniuzia nilimwambia ni cha bustani, na sina bustani, huyu amejuaje?

Anazungumza bado, ngoja, ngoja nisikie, ananitazama mimi, haitazami kamati tena, "...namheshimu kuliko mtu yeyote humu ndani, na yeye anajua. Lakini akiwepo, wasichana watakuwa wanamtazama yeye. Na mimi pia nitakuwa namtazama yeye," na vidole bado anavivuta, aa, kumbe hicho ndicho kilichokuwa kwenye vidole, kumbe si hofu ya kamati, alikuwa ananiogopa mimi, na amesema hivyo hivyo, amesema huku anaogopa, angeweza kusema hakuna, kila mtu alikuwa anaingoja hakuna yake, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshainamisha shingo kuipokea... watamtazama yeye, eti watamtazama yeye, wapi nimeliona jambo hili, niliwahi kuliona, kwa macho yangu, siku ile ya fainali, refa yule mwenye shingo ndefu aliponitoa nje kwa makelele yangu, robo ya nne, tumeachwa nyuma, nikatolewa kama mwizi wa kuku mpaka kwenye ule ujia wa vyooni, na mlango ukafungwa, na mlango una kioo kidogo cha kutosha jicho moja tu, nikabandika jicho, nikawaona wanangu wanageuka kulitazama benchi, wanatazama, benchi halina mtu, wanatazama tena, wanazunguka kama kuku waliohamishiwa banda, nikasema basi, tumekwisha, halafu Kipisi akapiga makofi, mara moja tu, wakamwendea, wakainama wote, vichwa vinagusana, na yeye katikati hata haonekani, mfupi wa watu, alisema kitu, sijui alisema nini mpaka leo, nilipomuuliza akaniambia mambo ya wasichana hayo, Kocha, na kuanzia hapo hakuna aliyegeuka tena kulitazama benchi, hata mmoja, walikuwa wanatazamana wao kwa wao, mpira unatoka huku unakwenda kule, mimi hata sijafungua mdomo na pasi ziko pale pale ambapo ningezipigia kelele, na nyingine mahali ambapo hata mimi nisingepaona.

Tukashinda. Na hadithi hii nimeisimulia harusini, misibani, mezani, kwa wageni wa chuo, na kila siku naimalizia kwa refa, nilivyoonewa, nilivyomwambia, shingo yake, watu wanacheka, wala sijawahi kumwambia mtu nilichokifanya mule ujiani, nilikuwa narukaruka, mwanamke mzima, kando ya vyoo, peke yangu, nimeziba mdomo kwa mikono miwili, mwanamama wa usafi na ndoo yake anauliza, mama unaumwa? Nikamkumbatia na ndoo yake, maji yakanimwagikia viatu, sijawahi kufurahi vile, vikombe vyote vilivyoko kabatini havijanipa furaha ile, kwa sababu hawakunihitaji, yaani nilikuwa nimewafundisha mpaka hawanihitaji, na kesho yake, mjinga mimi, nikarudi na kipenga changu nikaanza kupayuka upya, wakaanza kunitazama upya, tukaendelea hivyo miaka na miaka, na mtu mmoja tu katika timu nzima alielewa kilichotokea siku ile, na mtu huyo miguu yake haigusi sakafu.

Lo, kicheko hiki, kinatoka tumboni, nakizuia kinapitia puani, "Kocha, tafadhali," mkuu ananikanya, nimeziba mdomo, mabega ndiyo yanayocheka sasa, machozi yananichuruzika, daktari amesimama nusu anadhani nalia, kaa chini daktari, silii, yaani nalia lakini si kwa uchungu, na Kipisi ameniona, ameniona, mabega yake yameshuka, naye anauma mdomo asicheke, huyo, huyo, mtoto wangu huyo, mwalimu wa hisabati amevua miwani, anauliza kwa ukavu wake, "Na kama akija? Maana sote tunamfahamu," na Kipisi hata hakupumua, "Nitamtoa nje," anasema, "kwa heshima zote," nahodha amelala mezani kwa kicheko, mwalimu wa hisabati anaandika, aandike tu, aandike kwa herufi kubwa, atamtoa nje, na kweli atanitoa, atanishika mkono hivi, shikamoo Kocha, mlango ule pale, Kocha, na mimi nitabisha, najijua, nitabisha na nitatoka, nitakaa juu na mashabiki, nile karanga, nipige kelele kama mtu yeyote aliyelipa kiingilio, na wakifungwa kikapu cha kijinga nitamshika jirani yangu bega nimwambie umeona yule, na jirani hatakuwa na la kufanya, na saa kumi, Mungu wangu, saa kumi nitatembea mpaka darajani na mtu aliyenisubiri, nitavaa viatu vile vya mapacha, watu watatucheka, watucheke.

"Kuna swali jingine?" mkuu anauliza, anawatazama mmoja mmoja, mimi ananiruka, masikio tu mimi, na huko ukumbini nyuma ya ukuta kuna mmoja anadunda mpira juu mno, nasikia, mpira unachelewa kurudi mkononi, ataporwa huyo, shusha mkono mtoto, shusha... si kazi yangu, Kipisi naye amegeuza kichwa ukutani, amesikia, amekunja uso kidogo, ni yake sasa hiyo, mbona mkuu anapanga makaratasi, mbona mnatazamana, mnangoja nini, inueni mikono, mpeni, jamani, mpeni hiyo timu upesi, kabla sijabadili mawazo.